Rolakosta Yetu Imelala Kajiado

Saa nane usiku. Mama anajua nimelala, kumbe niko chini ya blanketi na simu, naangalia jamaa akitembea ndani ya bustani ya burudani iliyokufa. Rolakosta imesimama kama mifupa ya mnyama mkubwa. Miti imeota katikati ya reli. Kiti kimoja bado kina mkanda, umefungwa vizuri, kama mtu alishuka juzi tu. Jamaa anapumua kwa nguvu, kamera inatetemeka, na mimi hapa Kitengela natoka jasho utadhani ni mimi nitashikwa na soja.

Asubuhi nikamtumia beshte yangu hiyo video, yule hunishikia kamera. Jibu lake lilikuwa fupi: "Buda, tutafute ya kwetu."

Basi tukatafuta. Nawaambia mapema ndiyo mtu asiseme nimemzungusha: hatukupata rolakosta iliyooza. Tulipata kitu kingine, kilomita chache tu kutoka hapa, na kusema ukweli kimenikera kuliko nilivyotarajia.

Kwanza tuelewane kuhusu magofu ya wenzetu. Ukiangalia hizi video nyingi kama mimi, unaanza kugundua kwamba kila bustani iliyokufa ina sababu yake ya kifo.

Kuna ile ya Pripyat, Ukraine, yenye gurudumu la njano ambalo kila mtu amewahi kuliona kwenye picha. Ilipangwa kufunguliwa rasmi tarehe 1 Mei 1986. Tarehe 26 Aprili, siku tano kabla, mtambo wa nyuklia wa Chernobyl ukalipuka na mji mzima ukahamishwa. Kuna Spreepark ya Berlin, iliyofunguliwa 1969 upande wa Ujerumani Mashariki. Ukuta ulipoanguka ikawa mali ya mtu binafsi, madeni yakapanda, ikafungwa 2001. Nara Dreamland ya Japani ilifunguliwa 1961 na kufungwa 2006, baada ya watu kuhamia bustani kubwa zaidi za Tokyo na Osaka. New Orleans, Marekani, bustani yao ilikuwa na miaka mitano tu wakati kimbunga Katrina kilipoijaza maji mwezi Agosti 2005. Haikufunguliwa tena.

Mionzi, deni, ushindani, mafuriko. Lakini angalia kitu kimoja kinachofanana: kwanza kabisa, mtu alikaa chini akaamua kwamba watu wa mji huo wanastahili mahali pa kucheza. Akatenga ardhi. Akanunua chuma. Gofu la raha ni ushahidi kwamba raha iliwahi kupangwa.

Sasa rudi hapa kwetu. Mimi na beshte tulizunguka wikendi mbili. Tulichopata ni uwanja mmoja wa watoto wenye bembea isiyo na kiti, minyororo tu inaning'inia. Tukauliza mama mmoja anayeuza mandazi hapo karibu kiti kilienda wapi. Akacheka. "Kiliuzwa kwa kilo."

Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini sisi hatutawahi kuwa na video kama zile. Huku kwetu chuma hakipati nafasi ya kuoza. Rolakosta nzima ikiachwa Kitengela Ijumaa, Jumatatu unakuta nguzo mbili na mtu wa skrapu anakuuliza kama unazitaka. Na sifanyi mzaha bure: Januari 2022 serikali ilisimamisha biashara nzima ya vyuma chakavu, baada ya nguzo za umeme kuanguka na nchi kukaa gizani. Mtu anayeweza kufungua nati za nguzo ya umeme hataogopa treni ya watoto.

Nikarudi nyumbani bila video, lakini na swali. Hii rolakosta yenyewe ilitoka wapi? Nani aliamka siku moja akasema tuwaweke watu kwenye kigari, tuwapandishe mlimani, halafu tuwaachilie?

Jibu la kwanza ni Warusi. Karne ya 17 na ya 18 walikuwa wanajenga vilima vya mbao, wanavimwagia maji yagande kuwa barafu, halafu wanateleza. Ndiyo maana hadi leo Wafaransa huita rolakosta "milima ya Kirusi".

Lakini ile ya reli na magurudumu, nyanya yake ni reli ya kazi. Mwaka 1827, mji wa Mauch Chunk, Pennsylvania, Marekani, kampuni ya makaa ya mawe ilijenga reli kutoka mgodini hadi mtoni, kama kilomita 14. Hakukuwa na injini ya kwenda chini. Behewa likijazwa makaa, linaachiliwa, mteremko unafanya kazi. Shida ilikuwa kurudisha mabehewa matupu juu. Hiyo ilikuwa kazi ya nyumbu. Na nyumbu nao walihitaji kufika chini, kwa hivyo walipewa behewa lao, wakawa wanateremka wamesimama, upepo masikioni. Manze, abiria wa kwanza wa ile safari walikuwa nyumbu.

Watu wakaanza kuomba kupanda pia. Wakapenda. Halafu mwaka 1872 reli nyingine iliyopita kwenye handaki ikachukua kazi ya kubeba makaa, na ile reli ya zamani ikabaki bila kazi. Hapa ndipo sikiza vizuri. Hawakuing'oa. Waliifanya ya abiria. Watu walisafiri kutoka miji mikubwa, wakalipa, wakapanda mlima, wakaachiliwa, wakapiga kelele, wakarudi foleni. Reli iliyozeeka kazini ikaishi miaka mingine sitini ikifurahisha watu, hadi ikafungwa 1933, na 1937 ikauzwa vyuma chakavu. Naona watu wa skrapu ni wale wale kila mahali.

Jamaa mmoja anaitwa LaMarcus Thompson akachukua wazo hilo hilo la kuteremka kwa uzito, akalipeleka ufukweni Coney Island, New York. Mwaka 1884 akafungua reli yake ya kuteremka: senti tano kwa safari, kasi ya kama kilomita 10 kwa saa. Boda yako ikipanda mlima ukiwa watatu inaenda hivyo. Lakini watu walipanga foleni, na rolakosta za kisasa zikaanzia hapo.

Kwa hivyo tofauti ya reli ya kazi na rolakosta si chuma wala mteremko. Tofauti ni nani amekaa ndani, na kama yuko hapo kwa raha yake.

Nilipofika hapo kwenye kusoma nikasimama, kwa sababu nilikumbuka somo la historia shuleni. Sisi pia tulikuwa na hii kitu.

Reli ya Uganda ilianza Mombasa 1896, ikafika Nairobi 1899. Kutoka hapo ikapanda hadi ukingo wa Bonde la Ufa, na chini kukawa mbali sana. Reli ya kudumu ya kuteremka ingechukua muda kujengwa, na mabwana wa London walikuwa na haraka. Suluhisho lao, 1900 hadi 1901, lilikuwa kuweka miteremko minne ya muda kwenye ukuta wa bonde na kuteremsha mabehewa kwa kamba za chuma. Sehemu kali zaidi zilikuwa zimeinama kiasi kwamba behewa lilipakiwa juu ya kibebeo maalum kilichotengenezwa ili lisilale upande. Na pale ilipowezekana, uzito wa behewa linaloshuka ulitumika kuvuta lile linalopanda.

Kigari, kamba, mteremko na mvuto wa dunia. Hiyo ni Mauch Chunk, lakini iko juu ya Bonde la Ufa. Tofauti ni kwamba huku hakuna aliyelipa senti tano kupiga kelele za furaha. Karibu wafanyakazi 32,000 waliletwa kutoka India kujenga reli hiyo, na karibu 2,500 kati yao walikufa. Ukiwahi kusimama kwenye vibanda vya kutazama bonde kwenye barabara ya kwenda Mai Mahiu, ukinunua mahindi, kumbuka kwamba ukuta huo huo uliwahi kuning'iniza mabehewa.

Miteremko ile iliondolewa reli ya kudumu ilipokamilika, kwa hivyo hakuna cha kurekodi. Lakini kulikuwa na reli nyingine, na hii bado ipo, kwenye kaunti yetu.

Ukitoka Konza, kuna tawi la reli linaloingia Kajiado na kuteremka hadi Ziwa Magadi. Urefu wake ni kilomita 146, na ilikamilika 1915. Ilijengwa kwa ajili ya kitu kimoja: magadi, yale yanayochimbwa ziwani na kutumika kutengeneza vioo na sabuni. Kutoka Kajiado mjini hadi ziwani reli hiyo inashuka zaidi ya mita 1,000. Soma tena: zaidi ya kilomita moja kwenda chini, kutoka kwenye baridi ya Kajiado hadi kwenye tanuri la Magadi. Sijui rolakosta yoyote duniani yenye mteremko kama huo. Yetu tu ni kwamba inashuka polepole, na imebeba mizigo.

Beshte alinitazama akasema, "Hiyo ndiyo video."

Tukapanda matatu ya Kajiado siku ya Jumamosi. Shosho yangu anaishi huko, kwa hivyo tulikuwa na chai ya uhakika. Tulienda kuiona reli kwanza. Ni nyembamba, upana wa mita moja tu kutoka chuma hadi chuma. Imekaa juu ya mataruma ya chuma, kutu yenye rangi ya udongo, nyasi zimeingia kando. Mbuzi walikuwa wanavuka bila haraka. Beshte alirekodi dakika kumi. Hakukuwa na maajabu, na nitakuwa mkweli kwenu: hakuna mti ulioota ndani ya kiti. Na usiende kutembea juu ya reli kwa sababu ya post yangu. Reli ya mizigo si gofu.

Tukarudi kwa shosho. Nikamuuliza, "Shosho, nyinyi mlikuwa mnapanda hii treni mkiwa wadogo?"

Alicheka hadi akaweka kikombe chini. "Kupanda nini, mjukuu wangu? Treni haikuwa yetu. Sisi tulikuwa tunahesabu mabehewa."

Akaeleza. Walikuwa wakisikia mngurumo mbali, wanaacha kuchota maji, wanakimbia hadi karibu na reli, wanasimama kwenye mstari. Kila mtoto anasema idadi kabla behewa la kwanza halijafika. Aliyekaribia zaidi anabebewa mtungi na wengine hadi nyumbani. "Nilikuwa nashinda sana," akasema. "Nilikuwa nasikiliza injini. Ikilia sana, ni mengi."

Wasee, mimi nilinyamaza. Nilikuja kutafuta rolakosta iliyokufa, nikapata watoto waliogeuza treni ya mtu mwingine kuwa mchezo, bila hata kuigusa.

Na "haikuwa yetu" si maneno ya uchungu tu ya mtu mzima. Iko kwenye historia. Mwaka 1904 serikali ya kikoloni iliingia mkataba na Wamaasai: waondoke kwenye ardhi ya Bonde la Ufa karibu na reli, ambayo walowezi waliitaka, waende sehemu mbili zilizotengwa, moja Laikipia na nyingine huku kusini. Waliahidiwa kwamba ni mpango wa kudumu vizazi vyote. Kudumu kulichukua miaka saba. Mwaka 1911 mkataba wa pili ukawatoa Laikipia, wote wakaambiwa waje kusini. Walikwenda mahakamani 1913, kesi inayojulikana kama ya Ole Njogo, na mahakama ikasema mkataba huo ni baina ya mataifa, kwa hivyo haina uwezo wa kuusikiliza. Yaani uliitwa taifa huru siku ile ile unanyang'anywa.

Mwaka huo huo wa 1911, Kampuni ya Magadi Soda iliundwa ili kuchimba lile ziwa. Miaka minne baadaye reli ikapita katikati ya hiyo ardhi ya kusini ambako watu walikuwa wamesukumwa. Kwanza waliondolewa njiani mwa reli, halafu reli ikawafuata hadi walikoenda. Na ilipofika, kazi yao ikawa kusimama kando na kuhesabu.

Sasa rudi nami Kitengela, kwa sababu sikuandika haya ili tumlaumu Mzungu halafu tulale.

Hapa tunapoishi palikuwa tambarare. Twiga walikuwa wanapita. Ranchi zikagawanywa, ardhi ikawa ploti, ploti ikawa flati. Sina shida na flati, mimi mwenyewe naishi ghorofa ya nne. Lakini hebu nikuulize: kwenye mtaa wako, mtoto wa miaka saba anacheza wapi? Usiniambie kwenye ile kasri ya upepo ya kurukaruka inayoletwa sikukuu, shilingi kadhaa kwa dakika kumi. Nauliza mahali palipopangwa, pa bure, pa kila siku. Ploti yenye nyasi hapo kando ya kwenu haihesabiki pia. Ina mwenyewe, na mawe ya msingi yameshateremshwa.

Mahali pa kucheza hakujitokezi penyewe. Mtu hupapigania. Mwaka 1989 kulikuwa na mpango wa kujenga jengo la ghorofa 60 ndani ya Uhuru Park, Nairobi. Wangari Maathai akasema hapana. Alitukanwa, wabunge wakamcheka, lakini akaandika barua baada ya barua hadi wafadhili wakajitoa na mpango ukafa. Kila mtu aliyewahi kupanda mashua kwenye lile bwawa Krismasi, akapigwa picha na wale wapiga picha wa pale, ana deni kwake. Watu wengi humkumbuka kwa miti. Mimi nataka tumkumbuke pia kwa nyasi za kukalia.

Sisi watu wa kaunti hii tunapenda sana magofu ya mbali. Tunaangalia Berlin inaoza, tunasema "huzuni sana", tunaweka emoji. Lakini Berlin walikuwa nayo, watu wakazeeka wakiikumbuka. Sisi tunaruka hatua hiyo. Bustani zetu za kucheza zinaishia kwenye ramani ya mtu anayeuza ploti, zile zenye mstatili wa kijani ulioandikwa "uwanja wa watoto". Ukienda miaka mitano baadaye mstatili una ghorofa sita. Hilo ni gofu pia, tu halina picha nzuri.

Kuhusu reli ya Magadi, nina wazo na mtanicheka, sawa. Mauch Chunk waliifanya reli yao ya makaa iwe ya watu kabla haijageuka skrapu. Kwa nini sisi tusipande yetu ingali na chuma? Siongelei mitambo ya kupinduka kichwa chini. Naongelea behewa moja la abiria, wikendi, kutoka Konza, kupitia Kajiado, kuteremka mita zaidi ya 1,000 hadi kwenye ziwa la waridi lenye flamingo. Watalii watalipa. Lakini kiti cha kwanza kiwe cha shule za Kajiado, bure, na kando yao wale wazee waliohesabu mabehewa maisha yao yote bila kujua ndani kunanukia nini.

Nilimwambia shosho hilo wazo. Aliniangalia kama mtu anayepima bei sokoni. "Mimi na magoti haya?" Halafu baada ya muda akauliza, "Dirisha litafunguka?"

Nilimwambia litafunguka. Simjui wa kuniahidi hivyo, lakini nilimwambia.

Tulifika Kitengela saa moja usiku, jam ya kawaida. Nikapanda ngazi, nikamkuta brathe wangu mdogo kwenye balkoni, kidevu kwenye vyuma, anaangalia Barabara ya Namanga. Nikamuuliza anafanya nini.

"Nahesabu trela," akasema. "Shh. Nimefika thelathini na nne."